Leseni ya Kompyuta ya Sita

Mwalimu wa taipu alikuwa na neno moja tu la kufundishia, mengine yote yalikuwa ya kujazia. "Soma mpaka mwisho!" Mwanafunzi akiuliza karatasi inawekwaje, soma mpaka mwisho. Akiuliza mtihani una dakika ngapi, soma mpaka mwisho, si imeandikwa hapo chini? Wanafunzi wakambandika jina la Mpaka Mwisho, wakidhani hajui, kumbe alilijua tangu siku ya pili, na kusema kweli alilipenda. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na moja katika chumba kile kimoja chenye mlango wa bluu, kwanza kwa mashine za chuma zilizopiga kelele utadhani mvua ya mawe juu ya bati, kisha kwa kompyuta, na hakuna aliyewahi kumkuta amejibu swali kabla hajaifikia nukta yake.

Nyuma ya darasa kulikuwa na vyumba viwili na jiko, na humo aliishi na mdogo wake, mwanamke wa miaka hamsini na minne ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Huyu kazi yake ilikuwa kuosha. Aliosha sakafu, aliosha madirisha, aliosha kamba kabla ya kuanika nguo juu yake. Fundi wa kompyuta, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa mwalimu na sasa ana mvi zake mwenyewe, alikuwa akisema kwamba ukizubaa uani kwa mwalimu utaoshwa nawe, ukamuliwe, uanikwe. Mama Povu akisikia hivyo hucheka mpaka anashika kiuno.

Walipokuwa wasichana, mama yao aliugua akalala kitandani miaka minne, ikabidi binti mmoja abaki nyumbani. Mkubwa alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize shule. Mdogo ndiyo kwanza alikuwa anaingia darasa la sita. Nani abaki? Wala hakuna aliyeuliza. Mdogo alifunga madaftari yake kwa kamba, akayaweka juu ya kabati, akashika ndoo. Mkubwa akasoma, akapata vyeti saba, vyote vikatundikwa darasani ndani ya fremu, na aliyevipangusa vumbi kila Jumamosi ni yule asiyekuwa na hata kimoja. Mwalimu alikuwa anaona. Miaka arobaini alikuwa anaona, na jambo hilo lilikuwa linamchoma, ila hakujua aseme nini.

Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki, Jumamosi moja, Mama Povu alikuwa anapangusa kibodi za kompyuta, kitambaa mkononi, akasema bila kuinua uso, "Dada, hivi mimi siwezi?"

"Huwezi nini?"

"Hivi vitu. Kutaipu."

Mwalimu alikaa chini. Alitaka kulia, badala yake akavuta kiti cha kompyuta ya sita, ile ya pembeni chini ya dirisha, akasema, "Kaa. Mgongo wima. Vidole hapa." Wakaanza siku ileile. Alimfunika mikono kwa kile kitambaa cheusi alichowafunikia wanafunzi wote, ili vidole vijifunze bila kusaidiwa na macho, na Mama Povu akalalamika kwamba kitambaa chenyewe kinanuka vumbi, akakiosha kwanza. Baada ya miezi kumi na moja alikuwa anapiga maneno thelathini na saba kwa dakika. Anayetaka kufaulu huhitaji thelathini na tano.

"Cheti nitakitundika jikoni," alikuwa akisema. "Na chenyewe kikae panapofanyika kazi."

Alisema kwa mzaha, lakini fremu alikuwa ameshaitafuta. Iko chini ya godoro lake, imefungwa kwenye gazeti.

Sasa, mtihani ule ulikuwa mara moja tu kwa mwaka, na vidole vya Mama Povu vilikuwa vimeanza kuvimba kwenye viungo. Asubuhi alikuwa anaviloweka kwenye maji ya moto ndipo vikubali kukunjuka. Daktari aliviangalia kimoja kimoja, akawaambia wote wawili bila kuzunguka, "Mwaka huu vinakwenda. Mwakani mimi siahidi." Njiani Mama Povu akasema kwamba daktari mwenyewe koti lake lina doa, huyo anajua nini. Lakini dada mtu alikuwa amelisikia lile neno, na alilala nalo na kuamka nalo. Ni mwaka huu, au basi tena.

Mtahiniwa mmoja, kompyuta moja: hiyo ilikuwa sheria ya bodi ya mitihani. Na kila kompyuta lazima iwe na leseni halali ya ule mfumo mkuu unaoiamsha, si ya kuiba, si ya kuazima. Mwalimu alijaza fomu miezi mitatu kabla. Watahiniwa sita, kompyuta sita, kila mtu na namba ya kiti chake, na mbele ya kila kompyuta herufi tano za mwisho za leseni yake. Mkaguzi akija analinganisha fomu na kinachosema skrini. Mbele ya namba sita liliandikwa jina la mdogo wake, yote matatu, na mwalimu aliliandika polepole kuliko mengine.

Wiki mbili kabla ya ukaguzi mvua ikanyesha usiku, bati likavuja palepale juu ya dirisha, maji yakaingia kompyuta ya sita. Asubuhi ilipowashwa ilitoa moshi kidogo, ikanyamaza. Fundi akaifungua, akainusa, akatikisa kichwa. "Imekwenda hii, mwalimu. Bodi yake ya ndani imeungua. Ila usihofu, leseni yako si ya kufa na mashine. Ile uliyonunua mwenyewe dukani inahamishika. Unavua huku, unavika kule."

Mwalimu alishukuru Mungu. Kompyuta nyingine akaipata kutoka ofisi moja iliyokuwa inafungwa, nzima kabisa, ila tupu kichwani, wameshafuta diski yao. Ile iliyoungua akampa fundi achukue vipuri. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutunza siri za watu, akamwambia, "Kabla hujaigusa, futa diski yake yote. Humo mna barua za wanafunzi wangu, maombi yao ya kazi, mambo yao ya nyumbani. Futa mpaka mwisho." Fundi akaifuta mpaka mwisho.

Na kabla kasha la ile kompyuta iliyoungua halijatoka nyumbani, Mama Povu alikuwa amelipitia. Kitu kinatokaje kwake kwenda kwa watu na uchafu! Alilipiga kwa sabuni, mafuta ya taa na waya wa kusugulia sufuria, likang'aa kama limetoka dukani.

Jumanne ile fundi akaja kuvika leseni kompyuta mpya. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi. Fundi akakaa, akapasha vidole moto, skrini ikamwomba herufi ishirini na tano.

"Haya mwalimu, nisomee stika."

"Stika ipi?"

"Ile uliyoibandika ubavuni mwa kompyuta. Yenye namba ya leseni."

"Si ipo kwenye kasha, kasha unalo wewe."

"Kasha ninalo. Stika haina kitu. Nyeupe, kama yai lililomenywa. Nilidhani namba umeinakili."

"Mimi nilidhani iko kwenye diski."

"Ilikuwepo. Si umeniambia nifute?"

Wakaangaliana. Na mlangoni alikuwa amesimama Mama Povu na ndoo yake, na alikuwa ameelewa kabla yao. Mmoja ameosha nje, mwingine ameosha ndani, hakuna palipobaki uchafu wa kusomeka.

"Ni mimi," akasema. Ndoo akaiweka chini taratibu. "Ile karatasi ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi pembeni, dada. Nikasema mbona inaaibisha."

"Nyamaza," mwalimu akasema, si kwa ukali. "Hata mimi."

Fundi akataja njia zake za mjini, kwamba ziko leseni za bandia, unaweka dakika mbili inakubali. Akajikatiza mwenyewe kabla hajajibiwa, maana herufi tano za mwisho hazingelingana na fomu, mkaguzi angefunga kituo kizima, na wale vijana watano nao wangekwenda na maji. Ilibidi iwe leseni ileile. Herufi tano za mwisho walikuwa nazo kwenye nakala ya fomu. Ishirini za mwanzo hakuna.

Mwalimu alikaa akiangalia mikono yake. Halafu akasema jambo ambalo fundi alidhani ni uchungu umempanda kichwani. "Mimi hiyo namba nimeitaipu zaidi ya mara thelathini."

Na ilikuwa kweli. Kompyuta ya sita ndiyo wanafunzi walikuwa wanachomeka flashi zao zenye virusi, kila baada ya miezi michache inakufa, inafufuliwa, na mwalimu mwenyewe alikuwa anakaa kuiingizia leseni upya. Kichwani hakukumbuka hata herufi moja. Lakini kwa miaka thelathini na moja alikuwa anawaambia watu kwamba vidole vina kichwa chao.

"Leteni kitambaa," akasema.

Wakamletea kile cheusi. Akafunika mikono, akafumba macho, akavuta pumzi. Vidole vikakaa kwenye safu yake, vikangoja, kisha vikaondoka vyenyewe. Fundi aliziona herufi zinaangukia kwenye skrini, tano, halafu tano, halafu vidole vikasita, vikaenda, vikasita. Ikakataa. Akarudia. Ikakataa. Mara ya tatu alikwama palepale, kwenye fungu la tatu, akapiga meza kwa kiganja.

"Hapo ulikuwa unapumzika, dada," Mama Povu akasema kutoka mlangoni.

"Nini?"

"Ulikuwa unapiga ta-ta, unapumzika kidogo, halafu ta-ta-ta haraka. Kila mara. Mimi nilikuwa nakusikia nikideki. Nilikuwa najua kabisa, sasa anapumzika, sasa anakimbia."

Fundi alifungua mdomo acheke, akaufunga. Mwalimu aligeuka akamtazama mdogo wake, kisha akafumba macho tena. Ta-ta. Pumziko lile maana yake kidole kilikuwa kinakwenda mbali, safu ya juu, kwenye namba. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikanyooka chenyewe kwenda kwenye saba. Hiyo ndiyo ta ya kwanza, halafu ta-ta. Fungu la nne likamiminika bila kuulizwa. La tano fundi akalisoma kwenye fomu.

Kiduara kwenye skrini kikazunguka, kikazunguka. Namba ni sahihi, skrini ikasema.

Jamani! Mama Povu alipiga kigelegele kimoja mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Fundi alisimama akampa mwalimu mkono kwa mikono yote miwili. "Nimeona mengi, mwalimu. Hili nitawasimulia wajukuu, wataniita mwongo." Na mwalimu, mtu asiyekuwa na mambo ya kukumbatiana, alimkumbatia mdogo wake na povu lake mikononi, na kwa dakika moja nzima nyumba ile ilikuwa na furaha. Naisema hiyo dakika kwa sababu ilikuwa ndiyo ya mwisho.

Chini ya ule mstari kulikuwa na mwingine. Leseni hii inatumika kwenye kompyuta nyingine. Piga simu.

"Usijali," fundi akasema, ingawa furaha ilishampungua usoni. "Wenye mfumo bado wanadhani iko kwenye ile iliyoungua. Kwa kawaida unaiondoa kule kwanza, wanakupa namba ya kuthibitisha, ndipo unaiweka huku. Sasa ile haikuwaka, tungeiondoaje? Piga."

Wakapiga. Ikapokea sauti ya mwanamke, laini, isiyochoka, ya kurekodiwa. Ikataka mafungu tisa ya tarakimu sita sita zilizo kwenye skrini. Fundi akawa anasoma, mwalimu anabonyeza, Mama Povu ameketi kwenye kiti cha tano na mikono mapajani, anahesabu mafungu kwa kutikisa kichwa. Fungu la saba wakakosea, wakaanza upya. Jasho likamtoka mwalimu. Mara ya pili yakaingia yote tisa.

"Je," ile sauti ikasema, "leseni hii umeiondoa kwenye kompyuta ya zamani? Kama umeiondoa, bonyeza moja..."

"Moja!" fundi akanong'ona. "Mwalimu, bonyeza moja!"

Mwalimu hakuwahi kusema uongo wa namna hiyo. Kwa wazazi wa wanafunzi, kwa bodi, hata kwa wale waliokuja kumwomba aandike barua ya kwamba fulani alihudhuria ilhali hakuhudhuria. Akamtazama mdogo wake. Hakumtazama usoni, alitazama vidole vile, vinene kwenye viungo, vyekundu kwa sabuni, vimelala juu ya paja vikingoja kuambiwa kitu na watu wengine kama vilivyongoja siku zote. Akajiambia, kwa ajili yangu yeye aliacha shule, mimi siwezi kubonyeza kitufe kimoja?

Akabonyeza moja.

Sauti ilikuwa bado inaendelea na maneno yake, ikakatika katikati. Kimya. Halafu, "Asante. Tafadhali ingiza namba ya kuthibitisha uliyopewa ulipoiondoa."

Hawakuwa nayo. Hakuna namba waliyopewa. Fundi akasema jaribu sifuri, mwalimu akajaza sifuri, sauti ikasema si sahihi. Akajaza mwaka aliozaliwa mdogo wake, sijui kwa nini, pengine vidole tu. Si sahihi. Simu ikakatika yenyewe.

Wakapiga upya. Mafungu tisa, tarakimu sita sita. Swali lilelile. Safari hii mwalimu aliinua mkono kumnyamazisha fundi, akasikiliza.

"Kama umeiondoa, bonyeza moja. Kama hukuweza kuiondoa kwa sababu kompyuta imeharibika, bonyeza mbili, utaunganishwa na mhudumu."

Fundi aliinamisha kichwa. Ukutani vyeti saba vilikuwa vinawatazama, na chini yake ubao ambao mwalimu mwenyewe aliuandika kwa chaki miaka mingi iliyopita, akiurudishia kila ulipofifia. Soma mpaka mwisho. Mganga hajigangi, walisema wazee, na hawakutania.

Akabonyeza mbili. Akapokea kijana mmoja mwenye adabu zake, akamwita mama, akasikiliza habari yote ya mvua, ya stika, ya diski, bila kumkata. Nyuma yake zilisikika kibodi za watu wengine, na mwalimu hata katika hali ile alisikia kwamba mmoja wao anapiga kwa vidole viwili.

"Mama, pole sana," kijana akasema. "Ungefika kwangu moja kwa moja ningekufungulia hapohapo, ni dakika mbili. Lakini hapa naona imeshathibitishwa kwamba leseni iliondolewa, halafu namba ikakosewa. Mfumo umeifunga kwa kuhofia wizi. Mimi sina uwezo wa kuifungua, wala mkubwa wangu. Inajifungua yenyewe baada ya siku thelathini."

"Siku thelathini."

"Ndiyo mama."

"Mwanangu, mtihani ni wiki mbili kutoka sasa. Ukaguzi ni keshokutwa."

"Naelewa, mama."

"Nilidanganya," mwalimu akasema. "Hiyo moja niliyobonyeza, nilidanganya. Sikuiondoa. Nakwambia mwenyewe. Andika hapo kwamba nimekiri."

"Hakuna mahali pa kuandika hilo, mama," kijana akasema, na ilisikika kwamba anaumia kweli.

Mkaguzi alikuja Alhamisi saa tatu kamili. Alikuwa mtu mwema, afadhali angekuwa mkorofi wangepata wa kumlaumu. Alipita kompyuta moja baada ya nyingine na fomu yake, tano zote zikalingana, akaiwekea alama kila moja. Kwenye ya sita alikuta mfumo umewaka, kila kitu kinafanya kazi, na pembeni chini ya skrini maandishi hafifu: mfumo huu hauna leseni. Mwalimu akamweleza mwanzo mpaka mwisho, hakuficha hata kile kitufe.

"Mwalimu, mimi nakuamini," mkaguzi akasema. "Fomu ndiyo haina pa kukuamini." Akapiga mstari juu ya namba sita, kwa rula, juu ya majina yote matatu.

Mwalimu alitaka kumwambia amfute mmoja wa vijana badala ya mdogo wake, yule mwenye miaka kumi na tisa, atafanya mwakani ana vidole vizuri. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Mama Povu, aliyekuwa amesimama nyuma na sinia ya chai ya mgeni, akasema haraka, "Chai itapoa, mheshimiwa," na mwalimu akajua kwamba mdogo wake amelisikia neno ambalo halijatoka na amelizuia. Amezoea kubaki, huyu. Ndiyo kazi aliyoanza nayo.

Jioni ile mwalimu alimfuata jikoni. "Nimekukosea," akasema. "Mara ya kwanza nilikuwa mtoto. Hii ya pili sina cha kujitetea."

"Mimi ndiye niliyesugua, dada."

"Ulisugua karatasi. Mimi nilikuwa na mlango wazi mbele yangu nikaufunga kwa kidole. Sekunde tano tu ningengoja!"

Mama Povu alikamua kitambaa, akakikunjua, akakianika. "Ulitaka kunisaidia," akasema. "Hukuwahi kudanganya kwa ajili ya mtu. Basi na mimi nimepata kitu changu." Akacheka kidogo, akashika kiuno kama kawaida yake, na kicheko kikageuka, akaegemea sinki akalia kama mtoto wa darasa la sita. Mwalimu alimshika mgongo. Hakuwa na neno la kufundishia hapo.

Siku ya mtihani vijana watano waliingia, mlango wa bluu ukafungwa. Kompyuta ya sita mkaguzi alitaka itolewe darasani, ikahamishiwa jikoni. Kengele ilipolia, kupitia ukutani zilisikika kibodi tano zimeanza pamoja. Na kutoka jikoni ya sita. Mwalimu alikuwa amesimama kati ya watahiniwa, hakuruhusiwa kutoka, lakini masikio yake yalikwenda huko. Mdogo wake hakuwa na karatasi ya maswali. Alikuwa anapiga tu zoezi la zamani lililo kichwani, dakika zote za mtihani. Mwalimu akahesabu. Thelathini na nane kwa dakika. Alikuwa hajawahi kufika hapo. Hakuna mtu wa kumpelekea hesabu hiyo, na alisimama pale amesimamia mtihani huku machozi yanamtoka, na vijana wakadhani ni kwa ajili yao.

Siku ya thelathini ile leseni ilijifungua yenyewe, kama kijana wa simu alivyosema. Yale maandishi hafifu yakatoweka. Sasa kompyuta ya sita ilikuwa halali kabisa, na mwalimu alinakili herufi zote ishirini na tano kwenye kikaratasi, akakibandika ubavuni, akamwita mdogo wake.

"Njoo ukae kidogo. Zoezi moja."

Ilikuwa miezi ya baridi imeanza. Mama Povu alikaa, mgongo wima, akaweka vidole kwenye safu yake. Vya mkono wa kulia vilikubali. Vya kushoto viwili vilibaki vimejikunja, akavishika kwa mkono mwingine akavinyoosha, akaviweka juu ya vitufe, vikarudi. Akavinyoosha tena. Mwalimu alisimama nyuma yake.

"Leo vimeamka vibaya," Mama Povu akasema. "Tutaona kesho."

Hakuna aliyesema daktari alisema nini. Akainuka, akachukua kitambaa chake, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imekaa jikoni wiki zote hizo na ina mafuta, akaanza kuifuta. Alifuta skrini, alifuta kibodi kitufe kwa kitufe, alifuta juu, alifuta nyuma. Ubavuni alipofika kwenye kile kikaratasi alisimama. Akakizunguka pande zote nne, polepole sana, bila kukigusa, akaacha vumbi kidogo kukizunguka ili awe na hakika.